Msanii wa Tunduma Asitoke Studio na MP3 Peke Yake

Wimbo uliorekodiwa Tunduma asubuhi unaweza kuwa umeshavuka mpaka ifikapo jioni. Unarushwa kwa WhatsApp, unaingia kwenye flashi ya dereva wa lori anayesubiri zamu ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na safari imeanza. Kwa njia hiyo MP3 inatosha, ndiyo maana wasanii wengi chipukizi huridhika nayo. Taabu huanza wimbo unapotakiwa kwenda Spotify, ambayo imekuwapo Tanzania tangu 2021.

Hesabu ni hii. Wimbo wa dakika nne katika WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo, biti 24 na kilohezi 44.1, una MB 63 hivi. Ukibanwa kuwa MP3 ya kbps 128, unabaki chini ya MB 4. Kilichotupwa hakirudi. Prodyuza akiigeuza MP3 hiyo kuwa WAV, faili linanenepa tu; matoazi yanabaki na ule mlio wa majimaji. Kisha, kwa kawaida, Spotify huubana wimbo tena kabla haujafika kwenye simu ya msikilizaji.

Halafu kuna kupandisha sauti. Mteja anataka wimbo upige kwenye spika ya bodaboda, na prodyuza anaishi kwa wateja, hivyo kila kitu kinasukumwa hadi mwisho. Lakini Spotify hupima ukubwa wa sauti wa wimbo mzima na, kwa mpangilio wake wa kawaida, huuweka kwenye -14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Uliosukumwa hadi -7 unateremshwa desibeli saba. Ubabe wote umeisha, na ngoma zilizokwisha kukatwa vichwa zinasikika bapa. Spotify yenyewe inashauri kilele halisi kisizidi desibeli -1, na kisizidi -2 kwa wimbo uliopita kiwango hicho cha -14, maana ubanaji huzalisha vilele vipya vinavyokwaruza.

Kwaya ndizo zinazoumia zaidi. Mbozi na Vwawa, jirani na Tunduma, ni nchi ya kwaya, za Moravian na za makanisa mengine, na uzuri wa kwaya uko katika kushuka na kupanda: besi zikinong'ona, kisha sauti zote nne zikifunguka. Masta, yaani toleo la mwisho la wimbo, iliyosawazishwa kama biti ya klabu inaua tofauti hiyo, na hakuna mtandao unaoweza kuirudisha.

Kuna pia suala la kutunza. Maktaba ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ina tepu za bendi za miaka ya 1960 na 1970. Zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta kwa sababu tepu zenyewe zilitunzwa. Msanii wa leo ambaye WAV yake imefutika kwenye kompyuta ya studio hana hata kitu cha kuhamisha.

Kwa hiyo WAV iwe ndani ya bei, ikubaliwe kabla ya kipaza sauti kuwashwa. Prodyuza ana haki ya kulishikilia faili mpaka alipwe. Akishalipwa, haki hiyo imekwisha. Likipitia WhatsApp, litumwe kama hati ili lisiguswe, na nakala ya pili ikae mahali pengine. Spotify haipokei nyimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii, ila kupitia wasambazaji kama DistroKid, ambao pia hutoa ISRC, namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi ya wimbo. Namba hiyo iandikwe daftarini siku hiyo hiyo, pamoja na majina ya wote walioimba na waliopiga vyombo.