Kichomi kinachojirudia: Je, mtoto amepimwa selimundu?

Wazazi wengi huku Bagamoyo wakifika na mtoto anayehema kwa shida husema, “Daktari, kichomi kimemrudia.” Ametibiwa nimonia, akapata nafuu, na baada ya miezi michache hali ni ileile. Mimi huuliza kwanza: mtoto huyu amewahi kupimwa selimundu?

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini mapafu huathirika sana. Chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Zikiziba mapafuni, mtoto hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na kupumua haraka. Picha ya eksirei hufanana na ya nimonia, ila antibayotiki peke yake huenda isitoshe. Huhitaji pia oksijeni, dawa za maumivu, na wakati mwingine kuongezewa damu. Ni dharura inayoweza kuua.

Kwa nini pwani? Anayerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kama Dk Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake Afrika Mashariki. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea palipo na malaria nyingi. Mtu huyo kwa kawaida haumwi, wala hajijui. Akizaa na mwenzake wa aina hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Si mkosi, na mama asilaumiwe.

Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu. Ni hatua ya kujivunia, lakini itawafikia wachache. Walio wengi wataokolewa na mambo madogo: tone la damu kupimwa mtoto anapozaliwa, penisilini hadi afikishe miaka mitano, chanjo ya nimokoka, na haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya kifua.

Tatizo ni kwamba watoto wengi bado hugundulika baada ya kuugua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwangu mimi, itakuwa imefanikiwa siku mvuvi wa Mlingotini atakapopata haidroksiyurea ya mwanawe kila mwezi bila kufikiria kuuza mtumbwi.

Kwa sasa, mzazi, kichomi kikijirudia omba kipimo. Kama mwanao tayari ana selimundu, akipata homa au maumivu ya kifua, au akianza kuhema haraka, mpeleke hospitali usiku huohuo. Ukifika mapokezi, sema kwanza: “Ana selimundu.”