Mwenye Hofu Hamngojei Daktari

Tarehe 9 Februari 2025, takriban majuma mawili baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, wakimbizi wa ndani waliojihifadhi Bulengo na katika kambi nyingine za jirani waliambiwa wawe wameondoka katika muda wa saa 72. Baadaye kundi hilo likasema kurudi makwao ni kwa hiari. Kauli hiyo iliwakuta watu wameshang'oa maturubai, wamefunga masufuria ndani ya vitenge na kushika njia ya Masisi au Rutshuru, wengine wakiingia mjini kutafuta jamaa. Walikuwa sehemu ya mamia ya maelfu waliokuwa wameizunguka Goma, wengi wao wakiwa wameshakimbia zaidi ya mara moja. Kambini kulikuwa na kipindupindu. Kulikuwa na mpox, ile aina mpya iliyogunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023. Na zaidi ya wagonjwa mia moja wa mpox walikuwa wameshatoroka vituo vya kutengwa vya Goma mwishoni mwa Januari, risasi ziliporindima.

Amri ile imelaaniwa kama kosa dhidi ya raia, na inastahili. Kinachonikera ni kwamba kila inaposemwa kuwa hofu ya watu wale nayo ni hatari ya kiafya, husikika hoja ileile kongwe: tuanze na chanjo, maji na dawa, mambo ya msongo wa mawazo yatafuata. Huwa hayafuati. Na hata yakifuata, huwa ugonjwa umeshapita. Jamii iliyosongwa na hofu, hasira na misiba isiyokwisha ni njia ya maambukizi sawa na kisima kichafu. Anayewatimua watu kwa saa 72 amefanya uamuzi kuhusu mlipuko wa ugonjwa, ajue asijue.

Wapo wanaosema kambi zenyewe zilikuwa viota vya maradhi, kwa hiyo kupunguza msongamano kulikuwa na faida. Kambi zile zilikuwa mbaya kweli. Lakini kuwahamisha watu kwa mpango, kila familia ikijulikana inakokwenda na kituo kipi cha afya kitaipokea, ni kazi tofauti kabisa na kuwafukuza. Wapo pia wanaotukumbusha kuwa ugonjwa huletwa na vimelea, hauletwi na mawazo. Sawa; hakuna aliyewahi kuugua kipindupindu kwa kuhuzunika, lakini hofu huvifungulia vimelea mlango. Hoja ya tatu ni ya fedha, kwamba fungu ni dogo na halitoshi kwa yote. Hiyo itajibiwa na gharama ya mlipuko wa Ebola wa Beni, ninayoifikia punde.

Kwanza mwili wenyewe. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza, ambapo watu 394 wenye afya walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua kisha wakatengwa. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa maishani, ndivyo alivyokuwa mwepesi wa kuambukizwa, hata baada ya kuzingatiwa umri wake, uvutaji wake wa sigara na usingizi wake. Mwaka 1996 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walionyesha, huko Marekani, kwamba watu wanaowauguza wenzi wao waliopoteza kumbukumbu walijenga kinga hafifu baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua, wakilinganishwa na wenzao wasio na mzigo huo. Mwili unaoishi kwa hofu siku baada ya siku humwaga homoni ya kotisoli kwa muda mrefu, na askari wa kinga hulegea. Wanaosema chanjo kwanza, mengine baadaye, waupime huu utafiti wa pili. Chanjo yenyewe hudungwa ndani ya mwili wenye maisha yake.

Hata hivyo sitaegemea homoni. Maabara humwonyesha mtu mmoja mmoja, ilhali mlipuko ni jambo la watu wengi wanaoamua waende wapi, wamwambie nani, wamfiche nani. Hapo hakuna ushahidi mzito kuliko wa Beni na Butembo.

Mwaka 2018 Kongo ilipata milipuko miwili ya Ebola, mmoja ukimfuata mwenzake kwa wiki moja. Wa kwanza ulitangazwa tarehe 8 Mei katika mkoa wa Équateur, ukagusa Bikoro, Iboko na mji wa Mbandaka, ukatangazwa kwisha tarehe 24 Julai. Waliougua walikuwa 54, wakafa 33. Tarehe 1 Agosti ukatangazwa wa pili, kutoka Mangina karibu na Beni, Kivu Kaskazini. Virusi vilikuwa vya spishi ileile ya Zaire. Chanjo ilikuwa ileile. Wizara ya Afya ilikuwa ileile, na wataalamu wengi walikuwa walewale, wametoka kufanikiwa wiki moja tu nyuma. Mlipuko huo wa pili ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470. Waliokufa walikuwa 2,287.

Itasemwa kuwa Kivu Kaskazini ina watu wengi na biashara nyingi. Ni kweli, lakini Mbandaka nayo ni mji mkubwa wa bandari kwenye mto Kongo, na virusi viliufikia vikazimwa. Juni 2019 familia moja iliyoambukizwa ilivuka mpaka na kuingia wilaya ya Kasese, Uganda, eneo lenye masoko na ndugu pande zote mbili; hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Mwezi uliofuata ugonjwa uliingia Goma, jiji linalopakana na Gisenyi ukuta kwa ukuta. Waliothibitika walikuwa wanne, ukaishia hapo. Virusi vilevile, vikitoka katika mlipuko uleule, vilizimwa kila vilipofika mahali ambapo mgonjwa alifikishwa hospitali na jirani zake wakakubali kuchanjwa. Beni, Butembo na jirani yake Katwa vilikataa kuzimika.

Watu wa Beni walikuwa na nini ambacho wa Mbandaka hawakuwa nacho? Tangu Oktoba 2014 walikuwa wakichinjwa. Usiku hadi usiku, mashambani na pembezoni mwa mji, mamia ya watu waliuawa, na lawama nyingi ziliangukia waasi wa ADF. Wakulima waliyaacha mashamba ya kakao na mihogo. Jeshi la taifa lilikuwapo, walinda amani wa Umoja wa Mataifa (MONUSCO) walikuwapo, na mauaji yaliendelea. Mtu aliyepiga kelele miaka minne akiomba msaada asiupate, Agosti 2018 aliona magari yakiingia kwa misafara, fedha zikimwagika, hoteli zikijaa, na vyote hivyo kwa ajili ya ugonjwa ambao hajawahi kumwona mgonjwa wake. Swali lililokuwa vinywani mwa watu lilikuwa zito na la haki: mbona kwa panga hamkuja? Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto, bila misafara ya namna ile. Watu walihesabu. Timu za kupambana na Ebola, ambazo wenyeji waliziita kwa jina la Kifaransa la riposte, zilionekana kuwa biashara.

Wale waliokuwa na masikio walionywa mapema. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 huko Beni na Butembo. Mtu mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Walioamini kuwa viongozi wa eneo lao wanatetea masilahi ya wananchi hawakufika hata theluthi moja. Na wasioamini ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo au kwenda kutibiwa kituoni. Katika mwezi wa pili wa mlipuko, ramani ya ugonjwa ulikokuwa unaelekea ilikuwa imeshachorwa.

Kisha likaja jambo ambalo hadi leo siwezi kulisoma kwa utulivu. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kuwa Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura hadi Machi. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliondolewa katika kumchagua rais, kwa kuwa matokeo yangetangazwa na rais kuapishwa kabla ya Machi. Eneo hilo lilikuwa ngome ya upinzani, na kila mtu pale alijua hivyo. Serikali iliyoshindwa kuwalinda dhidi ya mapanga sasa ilitumia ugonjwa wao kuwanyang'anya kura. Yule aliyekuwa akinong'ona kwamba Ebola ni njama ya kisiasa alipewa ushahidi wenye muhuri wa taifa.

Siku iliyofuata waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni, na washukiwa waliokuwa wakisubiri vipimo wakatoroka. Tarehe 30 Desemba, nchi nzima ilipokuwa ikipiga kura, watu wa Beni walipanga foleni zao wenyewe, wakaosha mikono kama walivyofundishwa, wakapiga kura ambayo hakuna mtu angeihesabu. Walitaka kuonyesha kuwa kura na tahadhari vinaweza kwenda pamoja. Hakuna aliyewasikiliza.

Sasa tutazame hesabu, kwa sababu huwa wanatuambia hisia hazihesabiki. Siku kura ilipoahirishwa kwa kisingizio cha Ebola, wagonjwa tangu Agosti walikuwa karibu 600. Uchaguzi wa wabunge ulipofanyika hatimaye huko Beni na Butembo tarehe 31 Machi 2019, wagonjwa walikuwa wameshapita 1,000, na ruhusa ilitolewa. Ugonjwa uliokuwa hatari mno kwa foleni ya kumchagua rais haukuwa hatari, ukiwa umezidi, kwa foleni ya kumchagua mbunge. Kati ya tarehe hizo mbili, mwishoni mwa Februari, kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa, na siku tatu baadaye cha Butembo kikashambuliwa. Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi hapo. Tarehe 19 Aprili Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa milipuko kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu ya Butembo. Kufikisha wagonjwa 1,000 wa kwanza kulichukua karibu miezi minane. Wagonjwa 1,000 waliofuata walipatikana katika siku zipatazo sabini.

Kilichokuwa kikitokea katika siku hizo hakina fumbo. Mtu mwenye homa anajificha, kwa sababu gari la wagonjwa linakuja na askari. Anakwenda zahanati ndogo ya mtaani, ambako sindano na vitanda vinashirikiwa, na anawaambukiza wenzake waliokuja kwa malaria. Anafia nyumbani, anaoshwa na dada zake, na vipimo vinathibitisha Ebola baada ya kifo. Jina lake halikuwa katika orodha yoyote ya waliomkaribia mgonjwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumtaja jirani yake kwa watu asiowaamini. Chanjo ile, iliyotolewa kwa zaidi ya watu 300,000 katika mlipuko huo, inafanya kazi vizuri sana. Lakini mpango wake unadai upewe majina ya waliomgusa mgonjwa na ya waliowagusa hao. Majina hayo yanatolewa na mtu anayemwamini mwenye kuuliza. Kila hatua ya tiba ile ilipita mkononi mwa binadamu aliyejaa woga na hasira, na pale alipokataa, mnyororo ulikatika.

Kwa hiyo sina subira tena na anayeniambia kwamba haya ni mambo laini, kazi ya washauri nasaha baada ya mlipuko. Watu 2,287 wamezikwa. Waliokufa Équateur ni 33. Ziweke hizo namba mbili kando, kisha useme fungu la kuwasikiliza watu lilikuwa anasa. Aliyekuwa Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alihukumiwa Machi 2020 kwa kufuja fedha za Ebola, na fedha za umma zina haki ya kulindwa. Lakini sijaona mtu aliyesimamishwa mbele ya yeyote kueleza uamuzi wa tarehe 26 Desemba uligharimu maisha mangapi. Haukuandikwa kama uamuzi wa afya, basi haukuhesabiwa.

Ndiyo maana amri ya Goma inanikera zaidi ya ukatili wake. Safari hii hakuna aliyeweza kusema hatukujua. Mkoa ni uleule, na vitabu vya mlipuko wa Beni bado viko mezani. Mama aliyekwenda Masisi na mtoto mwenye vipele alifundishwa na amri ile kwamba kituo cha afya ni mahali panapoweza kuvunjwa wakati wowote, na kwamba kujulikana unapoishi ni hatari. Mtoto wake akizidiwa, atapima maneno ya muuguzi kwa kipimo hicho.

Anayeushika mji, awe serikali au waasi, adaiwe mambo mawili kabla ya kugusa kambi yenye wagonjwa: muda unaopangwa na wauguzi wenyewe, na wahudumu wa afya walewale waliozoeleka kambini kufuatana na familia hadi vijijini, wakiwa na kadi zao za matibabu na za chanjo. Nao wizara na Shirika la Afya Duniani, wanaotangaza kila wiki idadi ya wagonjwa na waliokufa, watangaze katika taarifa hiyohiyo ni familia ngapi zimefukuzwa, ni wagonjwa wangapi wametoroka, na ni nani aliyetoa amri.