Tuzo za filamu: Nani apime ubora wa mwigizaji wa kike?

MJADALA kuhusu mwigizaji yupi wa kike anastahili tuzo huibuka kila yanapotangazwa majina ya wanaowania, na mara nyingi huishia kwa mashabiki kurushiana maneno huku swali lenyewe likibaki bila jibu. Swali hilo ni kinachopimwa hasa: sura, jina, wingi wa mashabiki, au kazi iliyoonekana ndani ya filamu.

Kwa Tanzania swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Bodi ya Filamu ilipoanza kuandaa tuzo za filamu za kitaifa, ambazo sherehe yake ya kwanza ilifanyika Mbeya Desemba 2021 na iliyofuata ikafanyika Arusha mwaka 2022. Uamuzi wa kuzipeleka mikoani ulikuwa na maana, kwa sababu karibu kila jambo la filamu nchini huanzia na kuishia Dar es Salaam.

Mpenzi wa filamu anayeishi Nshambya, katika Manispaa ya Bukoba, yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kinondoni na Kariakoo, lakini naye ni mteja wa tasnia hii. Yeye na wenzake wa mikoani ndio walionunua kanda, kisha CD na DVD, na leo wanatazama kwa king'amuzi na simu ya mkononi. Anapoambiwa kwamba fulani ni mwigizaji bora wa kike, ana haki ya kujua ubora huo umepimwa kwa mizani gani.

Mizani zinazotumika duniani ni mbili. Ya kwanza ni kura za watazamaji, na ya pili ni jopo la majaji. Zipo tuzo zinazochanganya zote mbili, kama zile za Africa Magic zinazotolewa Lagos, Nigeria, tangu mwaka 2013. Kila mizani ina faida na kasoro zake, na mwigizaji wa kike ndiye anayeumia zaidi kasoro hizo zinapofumbiwa macho.

Kura za watazamaji zina jambo moja jema: zinampa nafasi mtu wa Bukoba, Lindi au Kigoma ambaye hataitwa kamwe kwenye jopo. Tatizo lake ni kwamba hupima umaarufu, na umaarufu wa waigizaji wa kike nchini umekuwa na njia zake. Wema Sepetu, kwa mfano, alikuwa tayari anafahamika nchi nzima kwa kutwaa taji la Miss Tanzania mwaka 2006 kabla hajajijenga katika filamu. Kuwa maarufu si kosa, na nyota anayewavuta watu kununua filamu huilisha tasnia nzima. Hata hivyo, kumpa nyota tuzo ya mvuto ni jambo moja, na kumpa tuzo ya uigizaji ni jambo jingine.

Mfano mzuri wa kazi ambayo kura za mashabiki haziwezi kuiona ni filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Humo Amandina Lihamba aliigiza kama Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye kwa miaka mingi hakufungua kinywa kusema. Kumbeba mhusika wa namna hiyo kwa macho, mabega na pumzi ni kipimo kigumu cha uigizaji. Mwanajuma Ali Hassan naye alibeba nafasi ya bibi wa kale anayemtokea Samehe. Pamoja na hayo, majina ya wanawake hao wawili hayasikiki kabisa katika mabishano ya leo kuhusu nani ni malkia wa filamu nchini.

Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla Tanzania haijapeleka filamu nyingine Oscar, nayo ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kupelekwa mwaka 2022. Ikhlas Gafur Vora, aliyeigiza kama Yasmin, alifika kwenye majukwaa ya kimataifa bila kupitia njia ya kawaida ya nyota wa Dar es Salaam. Filamu zote mbili hazikuingia katika orodha ya mwisho ya Oscar, lakini zinathibitisha kwamba kipaji hakitegemei idadi ya mashabiki.

Je, dawa ni kuwaachia majaji peke yao? Historia ya Oscar yenyewe inaonya. Lupita Nyong'o wa Kenya alishinda tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike Machi 2014 kwa nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave, na Afrika Mashariki nzima ikashangilia. Miaka mitano baadaye, katika filamu ya Us, aliigiza wahusika wawili wanaopingana, kila mmoja na sauti yake na mwendo wake. Chama cha wahakiki wa filamu wa New York kilimtangaza mwigizaji bora wa kike wa mwaka 2019. Oscar hawakumweka hata katika orodha ya wanaowania.

Us ni filamu ya kutisha, na filamu za aina hiyo hazipewi uzito mkubwa na wapiga kura wa Oscar. Wapo pia wanaosema kwamba mwanamke mweusi hutambuliwa kwa urahisi zaidi akiigiza mtumwa au mtumishi wa nyumbani. Hoja hiyo ina ushahidi: Hattie McDaniel, mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, aliigiza mtumishi, na Octavia Spencer mwaka 2012 vivyo hivyo. Kwa nafasi ya mhusika mkuu, Halle Berry, aliyeshinda mwaka 2002, bado ndiye mwanamke mweusi pekee aliyewahi kuipata tuzo hiyo.

Kwa hiyo jopo nalo lina macho yake na upofu wake. Hapa nchini hatari ni majaji kuipendelea filamu ya tamasha iliyopigwa kwa kamera ya bei mbaya, na kumsahau mwigizaji aliyekulia katika filamu za bajeti ndogo. Wengi wa waigizaji hao walifanya kazi kwa siku chache, muswada ukiwa haujakamilika, wakiyatunga maneno papo hapo mbele ya kamera. Riyama Ally amejenga heshima yake katika mazingira hayo, kwa Kiswahili kinachotiririka na kilio ambacho mtazamaji hukiamini. Kuna pia Bi Hindu na kina mama wengine waliozoeleka kwa nafasi za mama mkwe, shangazi na jirani mkorofi. Wao hawawekwi kwenye jalada la filamu, lakini bila wao hadithi husimama.

Ndiyo maana tuzo ya mwigizaji msaidizi isichukuliwe kuwa kifuta jasho. Vilevile, tuzo ya filamu isichanganywe na tuzo ya mwigizaji. Mwaka 2016 Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alirudi kutoka Lagos na tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulikuwa wa filamu nzima. Yvonne Cherrie, yaani Monalisa, ndiye aliyetunukiwa kwa uigizaji wake, nchini Ghana mwaka 2018.

Anayebisha kwamba haya ni mambo ya burudani tu aangalie maisha ya wasanii. Kwa mwigizaji wa kike, ambaye nafasi za mhusika mkuu humpungukia kadiri umri unavyosogea, tuzo inaweza kumpandishia malipo, kumfungulia mkataba wa tamthilia, au kumpa jina litakalomtetea uzeeni. Ikienda kwa asiyestahili, kuna mwenzake aliyepoteza zaidi ya sanamu ya kuweka sebuleni.

Njia iliyo wazi ni kuzitenganisha mizani hizo. Iwepo tuzo ya chaguo la watazamaji, iitwe kwa jina hilo, na mtu wa Nshambya aipigie kura kwa simu yake. Tuzo ya uigizaji bora iamuliwe na majaji ambao majina na vigezo vyao vinatangazwa mapema, na ambao wametazama filamu zote zilizowasilishwa, za kamera ghali na za kamera ya kuazima. Baada ya hapo mashabiki wataendelea kubishana, kama ilivyo ada, lakini angalau watakuwa wakibishana kuhusu uigizaji.