Winchi ya Umeme kwa Fedha ya Kikoba

Mteremko utokao mjini Iringa hukufikisha Ipogolo, kwenye barabara kuu iendayo Zambia. Hapo malori ya masafa marefu hupumzika, na hapo pia ndipo ianziapo njia ya kupanda Kilolo. Mpwa wangu anaishi Ipogolo na ana Land Rover 110 kuukuu. Kila juma hupanda nalo Dabaga na Kidabaga kufuata viazi, na kwa kuwa usafiri wa huko ni haba, aghalabu hurudi na abiria pia, pengine na mgonjwa. Wakati wa kiangazi kazi hiyo haina tabu. Lakini mvua zikishaanza, tangu Novemba hadi Aprili, ule udongo mwekundu wa milimani hugeuka sabuni pale lami inapokoma.

Mwezi uliopita aliniita nyumbani kwake. "Kamwene, mjomba," akaniamkia, kisha akanionyesha karatasi mbili zenye picha. Alitaka kununua winchi ya umeme, yaani ile mashine ifungwayo mbele ya gari, yenye dramu na waya, ambayo hulikokota gari kutoka matopeni likiwa limefungwa kwenye mti. Winchi ya kwanza iliandikwa nguvu za ratili 12,000, ya pili ratili 9,500. Ajabu ni kwamba ile kubwa ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo.

"Mjomba, kubwa ndiyo rahisi," akasema. "Hapo kuna la kufikiri tena?"

Mkewe alikuwa ameketi kando na daftari lake. Fedha zilikuwa zake; ni mgawo wake wa kikoba, na nusu yake alikwisha kuipangia karo na sare za watoto. Akauliza kwa upole, "Baba, mimi magari siyajui. Nauliza tu, hicho kitu kitakula umeme wa nani?"

Nakiri kwamba katika maswali yote ya jioni ile, hilo ndilo lililokuwa la maana kupita yote. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote hudai ampia 400 hivi. Alternata ya gari kuukuu kama lile hutoa ampia 65 au zaidi kidogo. Zilizobaki hutoka kwenye betri. Betri ya N70, ambayo ndiyo iliyomo garini mwa mpwa wangu, ina akiba ya saa-ampia 70. Kwa hesabu ya karatasini ingeweza kuziba pengo hilo kwa dakika 12. Matopeni haifiki hapo, maana betri inayonyonywa kwa pupa hivyo huzimia mapema, na iliyochoka huzimia mapema zaidi. Kwa hiyo injini isizimwe wakati wa kuvuta, na mashine ivute kwa dakika moja au pungufu, kisha ipumzike mpaka mota ipoe. Mwenye haraka huunguza mota, halafu hulala porini na betri iliyokufa.

Tukaja kwenye uzito. Kanuni ya mafundi ni kwamba nguvu ya winchi iwe mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo wake wote. Land Rover 110 iliyopakiwa kwa halali ni kilo 3,000 hivi. Mara moja na nusu ni kilo 4,500, nazo ni karibu ratili 9,900. Mpwa wangu akapiga meza kwa furaha: ile ya 9,500 imepungua, ya 12,000 imetosha na kubakiza!

Nikamwomba asome maandishi madogo. Waya wa ile ya 12,000 ulikuwa na unene wa milimita 8. Hapo nikaweka karatasi chini. Waya wa chuma mzuri wa unene huo hukatika ukifikia ratili 9,800 hivi. Wa milimita 9.5 ndio ustahimilio hadi ratili 14,000 na ushei. Basi mashine ile, kama kweli ina nguvu iliyoandikwa, itaukata waya wake yenyewe. Na kama haina, tumeuziwa wino.

Samahani msomaji, hapa sina budi kumtaja marehemu baba yangu. Baada ya serikali ya Ian Smith kujitangazia uhuru kule Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipita barabara hii katika mapipa, juu ya malori, kabla haijawekwa lami. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Baba alikuwa utingo. Malori yalikuwa yakivutana matopeni kwa minyororo na nyaya, na siku moja waya ulikatika. Alitusimulia kwamba hakuuona. Alisikia mluzi tu, kisha akajikuta amekaa chini. Kovu la muundi wake lilikuwa refu kama penseli, naye alijihesabu mwenye bahati, kwa kuwa waya ulipita chini. Tangu utoto wangu sijapata kusimama karibu na waya uliokazwa.

Kwa sababu hiyo nilimshauri mpwa wangu achukue ile ya 9,500, na fedha iliyobaki anunue kapi. Wenzetu wa pwani wanalijua kapi tangu zamani za majahazi. Waya hutoka kwenye winchi, huzunguka kapi lililofungwa mtini, kisha hurudi kufungwa kwenye chesisi ya gari lenyewe. Mvuto unakaribia kuwa maradufu, mwendo unapungua nusu, na waya unabeba nusu tu ya kazi. Betri nayo hupata nafuu. Ila mti na mkanda wake hubeba mzigo wa pande zote mbili, kwa hiyo mti uwe mzima na mkanda ufungwe chini karibu na mizizi. Mkanda wenyewe uwe mpana, wa nailoni. Waya mtupu hukata gome na kuua mti wa watu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi. Nguvu iliyoandikwa ni ya tabaka la kwanza la waya, lile lililogusa dramu. Kadiri waya unavyojaa juu yake nguvu hushuka, na tabaka la juu huenda likawa limepoteza theluthi nzima. Mwenye mti karibu sana asifurahi upesi. Kapi humsaidia pia kuufungua waya mrefu. Lakini mizunguko mitano ibaki kwenye dramu daima, la sivyo mwisho wa waya utachomoka.

"Na kwenye mashamba ya viazi, ambako hakuna mti?" akauliza mkwe wangu. Akajibiwa na mumewe mwenyewe: tairi la akiba huzikwa shimoni, likafungwa mkanda. Kuchimba ni kazi ya nusu saa au zaidi, na jembe tayari limo garini.

Zipo kamba za sintetiki badala ya waya, nyepesi, zisizopiga vibaya zikikatika. Lakini huchukia mchanga, jua na joto la dramu, na bei yake ilivuka daftari.

Basi daftari likaandikwa hivi: winchi ya 9,500, kapi moja, mkanda mmoja, pingu mbili za chuma, glavu za ngozi kwa ajili ya vijiti vya waya vichomavyo mikono, na bolti nene za alama 8.8 za kuikaza kwenye chesisi, si kwenye bati la bampa. Gunia kuukuu la kulaza juu ya waya lilipatikana jikoni bila gharama.

Juma lililopita winchi ilifungwa, wakaijaribu katika korongo nyuma ya nyumba. Gari lilitoka polepole mno, watoto wakasimama mbali barazani kama walivyoamriwa. Kisha lilipozimwa halikuwaka tena, ikabidi lisukumwe. Mkwe wangu akafungua daftari, akaandika "betri", akaniuliza kama viazi vya mwezi wa Machi vitatosha.