JUMBA LA WANANCHI NA WANANCHI WENYEWE



Amana haihifadhiwi kwa hutuba. Huhifadhiwa kwa vitendo na kwa daftari. Twayasema haya kwa ajili ya majumba mawili yaliyo ukingoni mwa bahari hapa Unguja: Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel.

Beit al-Ajaib alilijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Lilisalimika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka, nalo hilo lilitosha kuwa onyo. Tarehe 25 Disemba 2020, katika wakati wa matengenezo, upande mzima ukaporomoka na watu wawili wakapoteza roho zao. Lililoshindwa kuangushwa na manowari likaangushwa na uchakavu, katika zama zetu wenyewe!

Jirani yake, Beit al-Sahel, yalikuwa makazi ya masultani hata Januari 1964. Kisha likaitwa jumba la wananchi, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho.

Wako wasemao: “Jumba la masultani, liacheni lianguke.” Hoja hii ni dhaifu. Sultani hakubeba jiwe hata moja. Mji huu ulijengwa kwa mikono ya mafundi, wachukuzi na watumwa. Kuliacha jumba lianguke si kumwadhibu sultani, aliyekwisha ondoka. Ni kufuta jasho la waliolijenga.

Kila mwenye nyumba Mji Mkongwe ajua kuwa adui wa ukuta wa mawe na chokaa ni maji. Paa likivuja, vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta, dari hushuka, na ukuta hukosa wa kuushika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa ni kazi ya fundi mmoja na kapu la chokaa. Kujenga ukuta kumetufikisha kutegemea fedha za Oman.

Basi sisi twataka mambo matatu, na hakuna hata moja lililo zito kwa Serikali yenye nia njema.

Kwanza, hesabu ya viingilio vya wageni na ya matengenezo ibandikwe hadharani kila mwaka. Mwenye duka auzaye kibiriti huandika. Vipi mwenye amana ya umma asiandike?

Pili, watoto wa skuli wa Unguja na Pemba waingie bure. Haifai mgeni wa meli alijue jumba letu kuliko mtoto wa Micheweni.

Tatu, vijana wetu wafunzwe ufundi wa chokaa na boriti kabla wazee waujuao hawajatutoka.

Jina la wananchi limekwisha andikwa. Lililobaki ni kuwapa wananchi haki ya jina hilo: kuingia, kuuliza, na kujibiwa.

Wa billahi taufiq.

Mwanachama Mwenye Duka