Muda hauuzwi kwa saizi ya mguu

Kuna imani iliyozagaa mijini, kuanzia Kariakoo hadi Chicago, kwamba mtu asiye na muda anaweza kununua kitu kitakachomrudishia muda wake. Kwa miaka mingi sasa kiatu nacho kimeuzwa kwa imani hiyo: vaa hiki, utafika mapema, vaa kile, utapata mazoezi ukiwa njiani kwenda kazini. Imani hii ni ya uongo, na wanaoumia ni watu wale wale ambao siku yao imekwisha kunyang'anywa na mambo mengine.

Mfano wa karibuni ni wa 2022. Kampuni ya Shift Robotics ya Pittsburgh, Marekani, ilitangaza Moonwalkers, viatu vyenye mota, betri na magurudumu, vinavyofungwa juu ya kiatu cha kawaida. Anayevivaa hupiga hatua kama kawaida, lakini kasi yake hufikia takriban kilomita 11 kwa saa. Kila kimoja kina uzito wa karibu kilo 2, na bei ya jozi ilitajwa kuwa dola 1,399. Mhandisi aliyevibuni alipata wazo hilo baada ya kunusurika kugongwa na gari akiwa kwenye skuta, njiani kwenda kazini. Tatizo, basi, lilikuwa barabara isiyo na nafasi salama kwa asiye na gari. Barabara ikabaki ilivyokuwa, mtembea kwa miguu akafungwa mashine.

Hata hivyo, viatu vilivyoieneza imani hii zaidi havikuwa na mota. Mwaka 1996 Karl Müller, mhandisi wa Uswisi, aliingiza sokoni kiatu chenye soli nene iliyopinda kama tako la mtumbwi. Alikuwa amepata nafuu ya maumivu kwa kutembea pekupeku kwenye majaruba ya mpunga nchini Korea Kusini, akataka soli itakayoiga ardhi laini. Lakini jina la bidhaa hakulitoa Korea. Aliiita MBT, herufi zinazosimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya teknolojia ya Wamasai ya kutembea pekupeku. Mnunuzi wa Ulaya akaaminishwa kwamba mgongo ulionyooka wa Mmasai unatokana na namna anavyokanyaga, na kwamba siri hiyo inaweza kutiwa ndani ya soli.

Ni dai la kuudhi kwa yeyote aliyewahi kupita Longido au Kajiado. Mfugaji wa Kimasai wa huko hutembea kutwa nzima akifuata malisho na maji. Tena wafugaji wengi hawaendi pekupeku. Huvaa katambuga, ambazo Kenya huitwa akala, zilizokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Soli yake ni ngumu na haina mto wowote, kinyume kabisa cha ile iliyouzwa kwa jina la kabila lao. Wauzaji walichukua jina, wakaziacha saa za kutembea. Na saa hizo ndizo zilizokuwa na maana.

Biashara ikakua. Reebok walileta EasyTone, Skechers wakaleta Shape-ups, na matangazo yakaahidi makalio yaliyokazika na mwili mwembamba kwa kutembea tu. Mwaka 2010 Baraza la Mazoezi la Marekani liligharimia uchunguzi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse. Wanawake 24 walipimwa wakitembea wakiwa na MBT, EasyTone na Shape-ups, kisha wakiwa na raba za kawaida. Hakuna ushahidi uliopatikana kwamba viatu hivyo vinafanyisha misuli kazi zaidi au kuunguza nishati zaidi.

Serikali ya Marekani nayo ikaingilia kati. Mwaka 2011 Reebok, waliodai kwamba kiatu chao kimethibitishwa kuiimarisha misuli ya makalio kwa asilimia 28 zaidi, walikubali kutoa dola milioni 25 za kuwarudishia wanunuzi. Mwaka uliofuata Skechers walikubali kutoa dola milioni 40. Kampuni zote mbili hazikukiri kosa. Ila katika kesi ya Skechers, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilieleza kwamba mtaalamu wa uti wa mgongo aliyekisifu kiatu kwenye matangazo alikuwa mume wa ofisa masoko wa kampuni hiyo hiyo.

Watetezi wa viatu vya ajabu wana hoja moja nzito, nayo inastahili kujibiwa. Vipo viatu vinavyofanya kazi kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walionyesha mwaka 2017 kwamba raba mpya ya Nike, yenye povu maalumu na bamba la kaboni, inapunguza nishati anayotumia mkimbiaji kwa takriban asilimia 4. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, mkimbiaji wa Kenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 akiwa na kiatu cha ukoo huo huo. Miezi michache baadaye Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40.

Lakini asilimia 4 ya nini? Ni ya kazi ya mtu kama Kipchoge, aliyezoea kukimbia kilomita 200 na zaidi kwa wiki kule Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang. Kiatu kilimpunguzia gharama ya kazi aliyokwisha kuifanya. Aliyeketi ofisini tangu asubuhi hana kazi ya kupunguziwa.

Muda wa huyo wa ofisini umekwenda wapi? Sehemu umebaki kazini, sehemu njiani. Jijini Nairobi takriban asilimia 40 ya safari za kila siku hufanywa kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa hatua za haraka kunahesabiwa. Wengi, basi, wanafanya mazoezi tayari, bila kiatu cha dola 100. Kinachowachelewesha na kuwatia hatarini ni njia ya miguu inayokatika ghafla, mtaro uliofurika na bodaboda inayopanda pale anapopita mtu.

Dar es Salaam imeonyesha kwamba njia salama za miguu zinawezekana. Barabara ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu pembeni yake. Mabasi yake yana kero zinazojulikana, lakini njia zile zimewafaa watu ambao hawajawahi kuulizwa wanavaa kiatu namba ngapi.

Waajiri wanaoandaa mbio za hisani na kugawa raba na fulana wangefanya la maana zaidi kama wangewaachia wafanyakazi waondoke saa za kazi zinapokwisha. Nao wabunge na madiwani wana wajibu ulio wazi kuliko huo: bajeti ya barabara isiyo na fungu la njia za waenda kwa miguu irudishwe ilikotoka, ikaandikwe upya.