Baiskeli ya safari ianzie kwa fundi wa Ipinda

NYASA KASKAZINI
Na Tumpe Mwakibinga

Tangu 2003 waendesha baiskeli wa Tour d'Afrique, wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, wamekuwa wakitujia kwa barabara ya Mbeya, wakiteremka Tukuyu na kuvuka Mto Songwe pale Kasumulu kuingia Malawi. Sasa vijana wa huku Kyela nao wanataka safari zao: kwenda Karonga na kuendelea, kupanda hadi Iringa, kufika Dar es Salaam. Wananiuliza wanunue baiskeli gani. Nawajibu wasichukue inayong'aa dukani, waundiwe ya kwao. Na kabla ya kumpa muundaji yeyote hata shilingi, wapite kwanza kwa fundi baiskeli wa Ipinda au Mwaya wamuulize ana vipuri gani kibandani.

Nianze na magurudumu, maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Baiskeli za Phoenix zinazobeba mpunga na kokoa kutoka mashambani kwetu zina gurudumu tunaloliita la inchi 28. Baiskeli nyingi za safari zinazoundwa Ulaya nazo huitwa za 28. Lakini soma ubavuni mwa tairi: la Phoenix limeandikwa 635, la Ulaya 622. Hizo ni milimita za kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, na kwa milimita 13 tu matairi hayo mawili hayawezi kuazimana. Ukipasua la 622 ukiwa Matema, fundi atakuonea huruma na hatakuwa na cha kukupa. Inchi 26 nazo zina mtego wake, kwani ipo 590 ya baiskeli za kike za zamani na ipo 559 ya baiskeli za milimani. Mimi naitetea hiyo 559. Imejaa kwenye mitumba, matairi yake ni mapana ya kutosha kwa mchanga wa ufukweni na tope la masika, na ringi ndogo yenye spoku fupi hustahimili mzigo kuliko kubwa. Thorn ya Uingereza, iliyojijengea jina kwa baiskeli za safari za mbali, iling'ang'ania magurudumu ya 26 kwa miaka mingi kwa sababu hizo hizo.

Gurudumu la nyuma lipewe spoku 36 na lisukwe kwa mkono na mtu mwenye subira. Huko nyuma ndiko uzito mwingi unakokaa. Spoku hukatika zaidi upande wa gia, kwa kuwa upande huo hukazwa zaidi ili kuyapisha meno, na huwezi kuzibadilisha bila kung'oa meno yenyewe kwa kifaa chake maalumu. Kifaa hicho kiwemo mkobani, na spoku za akiba zifungwe kwenye fremu.

Fremu iwe ya chuma. Alumini ni nyepesi na inapendeza, lakini ikipasuka Kyela, mchomeleaji wa madirisha na mageti hana cha kuifanya. Chuma chepesi cha baiskeli nzuri nacho kina udhaifu: bomba lake huweza kuwa jembamba chini ya milimita moja, na moto wa umeme wa kawaida hulitoboa. Mwambie muundaji atumie bomba nene kidogo na aunge kwa gesi na shaba, kama zilivyoungwa fremu za zamani. Gramu chache zitaongezeka. Ziongezeke.

Kuhusu gia, barabara yetu yenyewe inatoa jibu. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia ya Tukuyu huvuka mita 2,000 kabla haijashuka Uyole. Phoenix yenye meno 44 mbele na 20 nyuma inakwenda karibu mita 5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ni raha kwenye tambarare ya Kyela, ila kwa kupanda mlima na mizigo ni mateso. Meno 24 mbele na 34 nyuma, kwa gurudumu la 26, yanakupa mita moja na nusu kwa mzunguko, na hapo unapanda ukiwa bado unaweza kuongea. Ipo pia habu ya Rohloff ya Ujerumani, yenye gia 14 zilizofungiwa ndani mbali na matope. Ni kazi nzuri sana, lakini habu hiyo peke yake hufikia bei ya bodaboda mpya, na ikigoma hakuna wa kuifungua kati ya hapa na Songea.

Kipimo cha mwili wengi hawakiulizi, na wanawake ndio wanaoumia zaidi. Mtu mfupi akipanda baiskeli ya 622, ncha ya kiatu hugusa tairi la mbele anapokata kona. Ya 559 inaondoa shida hiyo. Bomba linalotoka kwenye pedali hadi ekseli ya nyuma lifike milimita 450, ili kisigino kisigonge mabegi.

Si lazima muundaji awe Uingereza. Fremu ya mtumba ya chuma, ya baiskeli ya milimani isiyo na shokamzoba, ikiwekewa magurudumu mapya na keria imara, ni mwanzo wa heshima. Nchi hii iliwahi kuwa na baiskeli zake, Swala za kiwanda cha NABICO. Vyuo vya VETA vinafundisha kuchomelea. Naviomba viongeze somo la fremu na la kusuka magurudumu, mafundi wetu wapate cheti kwa kazi ambayo nusu yake wanaijua tayari.

Fundi asilipwe salio kabla ya jaribio. Pakia kilo 25, nenda Mwaya hadi Ipinda, kisha panda Tukuyu na urudi. Spoku mpya hulegea katika kilomita za mwanzo, kwa hiyo mrudishie fundi magurudumu ayanyooshe na kuyakaza upya, ndipo umalizie deni lake.